Koleo la Orville Kovach

Chwaa. Chwaa. Kisha kimya, kisha chwaa moja ndefu kama tairi linalotoa pumzi. Waliokaa upande wa pili wa pikapu hawakuhitaji kuchungulia. Mafuta yalikuwa yanadondokea makaa, makaa yanapandisha moto, na moto, kwa Jumapili ya tatu mfululizo, unakula soseji zao.

Orville Kovach alisimama mbele ya jiko la pipa, koleo mkononi, simu ameibana kati ya sikio na bega. Alikuwa na miaka sitini na tisa, mstaafu wa kiwanda cha vioo, na kwa misimu thelathini na mmoja yeye ndiye mchomaji wa kundi lao pale wanapoegesha magari, nje ya uwanja wa Wapuliza Vioo wa Toledo, timu yao ya futiboli ya Kimarekani, kabla ya mechi. Wengine walileta bia, wengine viti, wengine maneno tu. Koleo lilikuwa lake. Lakini Jumapili iliyopita alimwona rafiki yake Lamar Pettway akila mkate wa majirani huku amejibanza nyuma ya gari. Mtu aliyewapelekea watu barua miaka arobaini bila kuogopa mbwa, leo anaogopa soseji. Orville hakuhitaji kutafsiriwa. Walitaka kumnyang'anya koleo, ila hakuna aliyejua pa kuanzia.

Dawa alikuwa nayo. Mazungumzo yakisogea jikoni, aliyageuzia kwa kwotabeki.

Hapo hakuwa na shida ya wasikilizaji. Kwotabeki ndiye anayeupokea mpira mwanzo wa kila pambano na kuamua amrushie nani. Akiwa mbovu, waliobaki wote ni abiria wa lori lisilo na usukani. Wao walikuwa na Brock Haldane, dhahabu tupu, isipokuwa dhahabu hiyo ilishatimiza miaka thelathini na tisa na msimu huu ilikuwa imewarushia wapinzani mipira kumi na minne, safi, mikononi, kama anayegawa sadaka. Nyuma yake, benchi, alikaa Tavion Meeks, kijana wa miaka ishirini na miwili, mkono kama manati na akili kama mbuzi aliyekata kamba.

Stosh Nowicki, mwenzao wa kundi, alishikilia kwamba wote wawili watupwe, achukuliwe mwingine mbichi kutoka chuo kikuu. Ushauri huo alikuwa akiutoa kwa mwaka wa kumi na moja, na kila mbichi aliyeletwa aliungua kabla ya Krismasi. Stosh mwenyewe alikuwa amevaa fulana ambayo haijafuliwa tangu timu iliposhinda mara ya mwisho. Ilishinda Septemba, sasa ni Novemba, na kila mtu alijitahidi kukaa upande unaotoka upepo. Lamar alisema kosa si la anayerusha, ni la wanaomlinda, majitu matano yanayofunguka kama pazia la duka. Walibishana saa nzima, watu ambao hawakuwahi kuafikiana hata namna ya kufunga turubai, na timu haikuwahi kumwuliza yeyote kati yao chochote. Corinne peke yake alibaki nje ya ubishi. Huyu alikuwa binti wa Ernie, marehemu kaka yake Orville, naye alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Watoto mia tatu hula mkononi mwake kabla ya saa sita na nusu. Alikuwa anautazama moshi.

Ghafla Orville akainua koleo juu kuwanyamazisha. Baada ya kusubiri kwenye laini dakika arobaini, mtangazaji wa kipindi cha michezo alikuwa amemfikia. Stosh akaongeza sauti ya redio ya pikapu.

"Mimi nampenda Haldane kama mwanangu," Orville alisema, na baada ya sekunde chache redio nayo ikayarudia kwa sauti nene zaidi, kama ya mbunge. "Lakini mapenzi hayarudishi nguvu mkononi. Kila wiki ana kisingizio. Mara upepo, mara walinzi, mara mpira umelowa. Mkongwe anayejiheshimu hangoji kufukuzwa. Anakabidhi mwenyewe, anasema, mwanangu, shika."

Mtangazaji alimwambia kwamba maneno mazito kama hayo hajayasikia msimu mzima. Orville alikata simu na kugeuka taratibu, kifua mbele, akingoja pongezi. Akakuta wote watatu wanatazama nyuma yake. Soseji kumi na mbili zilikuwa zimelala jikoni nyeusi kama visigino vya viatu.

"Huu upepo wa leo," Orville alisema.

Aliigeuza moja kwa koleo; upande wa pili ulikuwa mweusi vilevile.

"Na Stosh kaninunulia makaa yenye unyevu."

Hapo masikio yake mwenyewe yakasikia visingizio vya Haldane. Wangecheka ingekuwa nafuu, lakini walimwangalia kwa huruma, na huruma katika eneo lile hupewa timu tu.

"Bado mpira kulowa, mzee," Lamar alisema kwa upole.

Corinne aliinuka, akapangusa mikono kwenye suruali, akanyoosha kiganja. "Baba mdogo, umesema vizuri redioni. Mji mzima umekusikia. Sasa nipe."

Orville alirudi nyuma hatua mbili, koleo kifuani. Alidai haki. Alidai kura, kisha akahesabu vichwa na kuiondoa hoja ya kura. Alidai takwimu, na hilo lilikuwa kosa kubwa zaidi, kwa sababu Lamar alitoa bahasha mfukoni, imeandikwa kwa mwandiko wa mtu wa posta, akaongeza za leo, akasoma: Jumapili tatu, soseji thelathini na sita, zilizoungua ishirini na mbili, zilizoanguka chini tano, moja haijulikani ilipo. Akamweleza kwa masikitiko kwamba Haldane, pamoja na uzee wake, ana asilimia nzuri kuliko yeye.

Huenda angejisalimisha palepale, lakini redio ilikatiza matangazo. Kocha ametaja kikosi, na leo tena anaanza Haldane. Mguno ulipita kutoka turubai hadi turubai, ukavuka magari yote mpaka mtoni. Mtu mmoja alitupa kofia chini na kuikanyaga. Katika umati wote ule alipiga makofi mtu mmoja, tena kwa taabu, maana mkono mmoja ulikuwa na koleo.

"Kocha ana hekima," Orville alisema. "Uzoefu haununuliwi dukani."

"Dakika tano zilizopita ulitaka afukuzwe," Stosh alisema.

"Dakika tano ni muda mrefu katika mchezo huu, bwana. Mechi zimegeuka kwa dakika mbili. Kocha kamwamini mkongwe wake. Nanyi mwaminini wenu."

"Kocha hali soseji zako, baba mdogo," Corinne alisema.

Sasa walicheka, Lamar mpaka akashika ubavu, na Orville mwenyewe mdomo ulimponyoka kidogo kabla hajaurudisha mahali pake. Alitazama koleo. Mpini wake ulikuwa umelika pale kidole gumba kinapokaa. Aliwaza Jumamosi jioni, simu zinavyolia: Orville, kesho unawasha saa ngapi? Hakuna aliyewahi kumpigia kuuliza jambo jingine. Wapuliza Vioo hawakumhitaji, kiwanda kilishamsahau, na mtu asiye na koleo katika eneo lile ni mzee aliyesimama karibu na gari la watu.

Corinne alisogea hadi alipo, akateremsha sauti. "Unaogopa nini hasa?"

"Nikikupa hili, nitasimama wapi?"

"Baba alipokuachia wewe koleo hili, alikwenda wapi?"

Orville alifikiri. "Hakwenda popote. Alikaa pale kitini akinitukana miaka sita."

"Na ulimfukuza?"

"Nani angemfukuza Ernie?"

Akalitoa. Hakutoa kwa madaha kama alivyohubiri redioni. Alilishikilia sekunde moja zaidi ya ilivyohitajika, Corinne akalivuta, likatoka.

Yaliyofuata yalimtesa. Corinne aliyasukuma makaa yote upande mmoja, akapanga soseji nyingine mbichi upande usio na moto, akafunika pipa na, aibu ya ulimwengu, hakuzigusa. Orville alimwambia azigeuze. Alimwambia afunue. Alimwambia kwamba jiko linajua likiachwa peke yake. Alipomaliza shauri la saba Lamar alimpa bia ili mdomo upate kazi nyingine.

Zilipotoka zilikuwa nyekundu kwa pilipili ya Kihungari, ngozi imekaza, na zilipasuka kwenye jino. Lamar alikula amesimama hadharani, mbele ya gari. Orville alikula moja akitafuta kasoro. Hakuiona, akala ya pili kwa uchunguzi zaidi. Hakuiona, na hilo lilimuuma na kumshibisha kwa wakati mmoja.

Watu walikuwa wameanza kukunja viti kwenda langoni. Corinne alikuwa akikwangua wavu wa jiko. Orville alimsogelea, akavua kofia, akakohoa kama anayesubiri kuingizwa hewani.

"Wiki ijayo nakuja na vitunguu gunia zima," Corinne alisema bila kugeuka. "Nahitaji mtu."

"Mimi hapa," Orville alisema. "Nakuahidi, mwanangu, na hawa wawili ni mashahidi: nitafika saa mbili kamili, nitavimenya vyote mpaka cha mwisho, na nikikufundisha kazi kabla hujaniuliza, niweke benchi mpaka Desemba."