Mama Pasi Alivyopumzishwa

Wenzake kazini walimpa jina la Mama Pasi, nalo likamganda hata baada ya kustaafu. Zaidi ya nusu ya umri wake aliupitisha amesimama kwenye chumba cha kufulia nguo cha hoteli, akinyoosha mashuka na foronya, mvuke ukimpiga usoni na miguu ikimvimba ndani ya ndala. Mumewe alifariki mtoto wao wa pekee akiwa bado ananyonya. Pasi ndiyo iliyomlea mtoto huyo, ikamvika, ikamsomesha.

Alipostaafu hakukaa kitako. Alipanga chumba jirani na mdogo wake wa kike, fundi cherehani, na kila asubuhi dada hao wawili walikwenda sokoni kwa miguu. Walizunguka njia ya mbali makusudi, kwa sababu ile ya karibu haikutosha kumaliza umbea. Mama Pasi ndiye aliyetangulia siku zote.

"Tembea wewe, unakokota miguu kama bibi harusi," angemwambia mdogo wake.

"Anayekimbilia sokoni na kikapu kitupu ni mwizi," mdogo wake angejibu, naye asiongeze mwendo.

Siku moja ya jua kali Mama Pasi alipata kizunguzungu katikati ya soko, akaketi chini. Hakuzimia. Alikunywa maji, akapumzika kivulini, akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Lakini habari ilimfikia mwanawe kabla yeye hajafika kwake, na ilikuwa imeshatiwa chumvi: mama kaanguka, mama kazimia, mama kaokotwa.

Mwanawe huyo, mtu mnene mwenye duka la vipuri vya magari, alikuwa akiishi na mkewe ghorofa ya tatu, upande wa pili wa mji. Alikuja na gari jioni ileile, hata kiti hakukaa.

"Mama, funga mizigo. Unahamia kwangu."

"Kwani nimekuwa mgonjwa?"

"Umefanya kazi ya punda maisha yako yote. Sasa ni zamu yangu. Wewe kazi yako kula na kulala."

Angekuwa mtu mwingine yeyote, Mama Pasi angemkatalia. Lakini alimtazama mwanawe usoni akamwona yule mtoto aliyekuwa akimkanda miguu kwa maji ya chumvi kila arudipo kazini, huku analia kimyakimya akidhani mama haoni. Mtoto yule alikuwa amejiapiza kitu, na sasa anakitimiza. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje hapana?

Alipokewa vizuri. Mkwewe, mwalimu wa shule ya msingi, alimwandalia chumba chenye dirisha kubwa. Kulikuwa na kochi mbele ya televisheni, na mama wa kazi wa makamo aliyekuja asubuhi na kuondoka jioni. Mama huyo alikuwa ameshapewa maagizo yake. Mama Pasi akishika ufagio, ulichukuliwa mkononi mwake. Akiingia jikoni, alivutiwa kiti. Akianza kukunja nguo, alinyang'anywa kwa adabu.

"Acha, bibi. Baba akikukuta, mimi ndiye nitakayeulizwa."

"Mimi nimenyoosha nguo kabla wewe hujazaliwa."

"Ndiyo maana nakwambia upumzike."

Majirani walipopanda kumsalimu walimwonea wivu waziwazi. "Wewe umezaa, mama. Sisi wetu wanatukumbuka kukiwa na msiba tu." Baada ya sifa kama hizo, angeanzia wapi kusema kwamba anachoka kwa kukaa? Angeonekana hana shukrani. Akafunga mdomo. Akala, akalala. Mchana alisinzia kwenye kochi, na usiku akahesabu mabati ya jirani kwa macho makavu.

Miezi ilipokwenda mapaja yalimlegea. Kunyanyuka kochini kukawa kwa kujisukuma, kurudi chini, na kujisukuma tena. Magoti yaliyokuwa yakibeba zamu nzima ya kazi sasa yalitetemeka akisubiri chai imiminwe. Akadhani ndio uzee wenyewe umebisha hodi. Mwanawe naye alidhani hivyohivyo.

"Unaona? Ungekuwa kule peke yako ingekuwaje?" alimwambia, akamwongezea mto mgongoni.

Aliyeshtuka mapema ni mkwe. Wakiwa mezani siku moja alisema, "Mama anahitaji kutembea. Hata kushuka hapo chini na kurudi tu."

"Kwa ngazi zile? Akianguka?"

"Nitamshika mkono."

"Watu waseme nini? Mama yangu anapanda na kushuka ngazi na mimi nipo hai?"

Mama Pasi alikuwa amekaa palepale, anatafuna polepole. Walimzungumzia kama kabati linalotafutiwa pa kuwekwa. Aliinua kichwa aseme neno, akaona jinsi mwanawe alivyomchagulia mnofu mzuri na kuusogeza upande wake wa sahani, neno likarudi tumboni.

Badala ya kusema, alijaribu. Mama wa kazi alipopanda juu ya paa kuanika nguo, Mama Pasi alijifunga mtandio, akafungua mlango, akaanza kushuka. Ngazi za mwanzo alizimudu, na moyo ukamfurahi kusikia kelele za mtaani zikisogea. Kwenye kona ya ghorofa ya pili miguu ilianza kucheza kama ya ndama aliyezaliwa leo. Aliketi hapo kwenye saruji. Kushuka hawezi, kupanda hawezi. Jirani aliyemkuta alimpigia mwanawe simu.

Mwanawe alifika na grisi mikononi. Hakumgombeza. Alimbeba mgongoni hadi juu, akihema, akamlaza, kisha akatoka nje ya mlango akalia. Mama Pasi alimsikia. Kesho yake lango la chuma la pale mlangoni lilitiwa kufuli, na ufunguo ukawa unashinda mfukoni mwa mama wa kazi. Mkwe aliuliza kuna nini, akajibiwa ni kwa usalama wa mama.

Mdogo wake alikuja kumwona baada ya muda mrefu, maana cherehani ilikuwa imembana. Alisimama mbele ya kochi bila hata kuketi.

"Dada, simama nikuone."

Mama Pasi alijisukuma, akanyanyuka nusu, akarudi chini. Alitabasamu kama mtu aliyekosea njia. Mdogo wake hakutabasamu. Alingoja hadi mwana wa dada yake aliporudi kutoka dukani.

"Ulimchukua kwangu akitembea," alimwambia.

"Ninamtunza, mama mdogo."

"Unamzika huku anapumua."

"Wewe ndiye uliyemwacha akaanguka sokoni. Ukija hapa njoo kwa heshima, au usije kabisa."

Mama mdogo alichukua mkoba wake akaenda zake. Mama Pasi alisikia lango likifunguliwa, kisha likifungwa. Alitaka kuita, ila alishindwa kuamua amwite nani kati ya wawili hao. Mdogo wake hakurudi.

Mama Pasi alianguka asubuhi moja, akienda bafuni. Hakujikwaa popote wala sakafu haikuwa na maji. Mguu haukunyanyuka tu, na nyonga ikavunjika.

Hospitalini walimpasua na kumuunga kwa chuma. Daktari, mwanamama mwenye sauti ya chini, alimwita mwanawe pembeni.

"Nyumbani alikuwa anafanya shughuli gani?"

"Hakuna hata moja, daktari," alijibu, bado kwa fahari kidogo. "Nilihakikisha hilo mwenyewe."

"Mwanamke akishakoma hedhi, mifupa yake hupungua nguvu upesi," daktari alisema. "Misuli nayo ikikosa kazi huisha. Vinachohitaji ni kutumika. Kutembea, kupanda ngazi, kubeba vitu vya kiasi. Mama yako alikuwa navyo vyote hivyo. Siwezi kukuficha, kumkalisha ndiko kulikommaliza."

Mwanawe aliketi kwenye benchi la korido hadi mkewe alipokuja kumwinua.

Kuanzia hapo aligeuka kabisa, akawa mtu wa kuhimiza mazoezi. Alinunua fremu ya kutembelea, alinunua viatu vya raba, alifunga duka saa za mchana ili awepo wakati mtaalamu wa mazoezi anapopita wodini.

"Mama, simama. Jitahidi."

Mama Pasi alimtazama. "Si ulisema nipumzike?" Hakusema kwa kumsuta. Alikuwa anauliza.

"Nilikosea, mama."

"Basi mimi nimeshazoea, mwanangu."

Wakamnyanyua. Maumivu yalimpanda hadi kichwani, lakini hayo hakuyaogopa, maumivu anayajua. Alichokiogopa ni ile miguu chini yake, ambayo aliiona kama ya kuazima kwa mtu mwingine, isiyotaka kumtii. Alipiga ukelele, akarudishwa kitandani. Siku iliyofuata aligeukia ukutani.

Ndipo mwanawe alipokwenda kwa mama yake mdogo. Alimkuta kwenye cherehani, akakaa kwenye kigoda katikati ya vipande vya vitambaa. Mama mdogo aliendelea kupiga pindo hadi likaisha.

"Nimekuja, mama mdogo."

"Nakuona."

"Sina la kusema."

"Afadhali. Nipishe nivae viatu."

Mama mdogo alihamia kwenye nyumba ile ya ghorofa siku Mama Pasi aliporuhusiwa kutoka hospitali. Lango lilitolewa kufuli bila mtu kuzungumza. Asubuhi na jioni alimkalisha dada yake ukingoni mwa kitanda, akamwamrisha anyanyue mguu.

"Siwezi."

"Mimi sijakuuliza unaweza nini. Nimesema nyanyua."

"Wewe tangu lini ukanitangulia mimi?"

"Tangu ulipoamua kuwa bibi harusi."

Mama Pasi alicheka hadi akakohoa. Siku nzuri zilikuwepo. Kulikuwa na mchana mmoja ambapo mkwe alimshika upande huu, mdogo wake upande ule, akafika dirishani na fremu yake, akasimama hapo akatazama watu wakipita chini mtaani. Jasho lilimtiririka. Aliomba asirudishwe upesi.

Hakufika mbali zaidi ya dirisha lile. Alikuwa amelala mno, na kifua cha mtu anayelala mno hakimsamehe. Homa ilimpata, pumzi zikawa fupi, dawa zikapita bila kugusa kitu. Alifariki asubuhi, mdogo wake akiwa anamchana nywele. Mdogo wake aliendelea kuchana hadi mwisho wa kichwa, kisha ndipo akamwita mkwe.

Baada ya mazishi mwanawe alimrudisha mama mdogo kwake kwa gari. Walikuwa bado mbali kidogo na nyumba yake mama mdogo alipomgusa bega.

"Nishushe hapa."

"Jua ni kali, mama mdo..." alianza, kisha akakanyaga breki. Aliegesha gari pembeni. Alizima injini, akashuka naye, akaanza kumfuata. Viatu vyake vya msibani vilimbana, na haukupita muda akawa anahema kwa mdomo wazi. Mama mdogo hakumngoja, ila alipunguza mwendo kidogo.

"Ulimpenda," alisema bila kugeuka. "Hilo nalijua. Ndilo linaloniuma zaidi."

Walipita maduka, wakapita ukuta wa shule, na yeye aliendelea kukokota miguu nyuma yake, jasho likimlowesha shati jeusi mgongoni.