Kopo la Marcha

Mikhangma alifungua kopo, harufu ya kuvu ikampanda puani. Vibonge vya marcha, hamira ya pombe ya nyumba ile, vilikuwa vimeota manyoya ya kijani.

Alivishusha mwenyewe kutoka uchagani, juu ya meko, wiki tatu nyuma. Masizi yalikuwa yakividondokea, na kwao mjini kitu cha maana hufungwa kwenye kopo. Hakujua kwamba moshi ule ndio uliokuwa ukivilinda.

Mama mkwe wake, Jasmaya, aliolewa akiwa na hamira hiyo kwenye mtandio. Kila alipotengeneza mpya, alisaga kibonge cha zamani akainyunyizia. Na baada ya siku tisa wangeondoa msiba wa baba mkwe. Pombe ya kumuaga ilipaswa kutoka humo.

"We bibi harusi!" Jasmaya aliita kutoka nje. "Ulezi tuliopika umeshapoa, marcha iko wapi?"

Mikhangma aliwaza kukimbilia sokoni. Huko vibonge ni vyeupe vilevile. Kabla hajatoka, Jasmaya akaingia.

Akachungulia ndani ya kopo.

"Nilitaka masizi yasiingie, mama."

"Hata mimi ukinifungia humo nitaota kuvu."

Mikhangma hakuthubutu kucheka. "Nikanunue sokoni?"

"Marehemu mzee alikuwa akiitambua pombe ya hamira ya watu kwa harufu, tangu mlangoni. Unataka arudi kutuuliza?"

Jasmaya alivunja vibonge kimoja kimoja, akinusa, akitupa motoni. Cha mwisho kilikuwa cheupe ndani. Alikikwangua kwa kisu mpaka kuvu yote ikatoka.

Walikisaga, wakakichanganya na ulezi, wakaujaza kwenye kapu lililotandikwa majani ya kangaga na kulifunika gunia. Juu yake Jasmaya aliweka pilipili na kipande cha mkaa, kuzuia jicho baya.

"Tutajuaje kama iko hai, mama?"

"Kesho kutwa, ulezi ukiwa na joto."

"Na ukiwa baridi?"

Jasmaya alikwenda kuchochea moto.

Siku mbili baadaye, asubuhi, Mikhangma alipenyeza mkono chini ya kangaga. Palikuwa na joto. Au lilikuwa la kiganja chake mwenyewe, alichokuwa amekifumbata tangu alfajiri? Nyuma yake, ufagio wa Jasmaya ulisita.

Alitumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji ya kisima mpaka vidole vikafa ganzi. Akaukausha vizuri. Akaurudisha tena chini ya kangaga, taratibu; sasa joto lolote lingekuwa la ulezi.