Spana za Calvince

Nelima alikuwa fundi wa mitambo ya barafu. Supamaketi aliyofanyia kazi miaka sita mjini Kisumu ilipofungwa, alituma maombi kila mahali kwa miezi minane. Katika miezi hiyo aliuza sofa, akamhamisha binti yake Janice kutoka shule ya kulipia, wakabaki wawili katika chumba kimoja mtaani Kaloleni.

Ndipo mzee mmoja aliyejitambulisha kama Ajwang' alipompigia simu. Alikuwa na kiwanda kidogo cha barafu ufuoni mwa ziwa, Usenge, na alihitaji fundi haraka.

"Umeolewa?" aliuliza.

"Hapana."

"Na uko na watu wenu huku? Usenge, Bondo, hata Siaya?"

"Sina. Kwetu ni Webuye."

"Basi hiyo ni sawa kabisa. Kuja Jumatatu. Nyumba iko."

Nelima alimweleza dada yake, Nangila, aliyeuza nguo mtaani Mamboleo, hapo hapo Kisumu. Nangila aliendelea kukunja suruali, kisha akauliza, "Cheti aliuliza?"

"Hakuuliza."

"Kwa hivyo kilichomfurahisha ni kwamba huna mtu."

"Labda hataki jamaa za fundi waje kuomba barafu ya bure."

Nangila alivuta suruali nyingine. Siku tano baadaye Janice alihamia kwake na begi lake la shule, na chumba cha Kaloleni kikapata mpangaji mwingine. Janice hakulia wakati wa kuagana. Aliuliza tu kama Usenge kuna simu, na Nelima akajisikia vibaya kuliko kama angelia.

Mzee Ajwang' alimpokea kwa chai na mandazi. Alikuwa mpole, mwenye koti safi, na alimwita "Madam" kila baada ya sentensi. Alimwonyesha kompresa mbili, mitambo ya kusukuma gesi ya amonia inayogandisha maji.

"Hii ya mbele ndiyo utashughulikia. Ile ya nyuma iwache iende tu. Usiguse mpaka mimi nikuambie."

"Ina shida?"

"Haina shida."

"Na fundi aliyekuwa hapa?"

"Calvince? Alienda Uganda. Vijana hawatulii, Madam."

Jioni hiyo Nelima alimuuliza mlinzi swali lilelile. Mlinzi, mtu wa makamo aliyeitwa Oduor, alisema Calvince alikwenda Nakuru kwa harusi ya dada yake, hakurudi. Alilisema hilo akitazama upande wa ziwa. Kesho yake Nelima alijaribu tena kwa wanawake waliokuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani, karibu na lango. Walikuwa wakicheka, wakainamia omena zao. Mmoja wao alisema kwa Kiswahili cha polepole, "Wewe si mtu ya mzee? Muulize yeye."

Katika chumba alichopewa, nyuma ya mlango, alikuta buti za mpira na sanduku la chuma. Ndani mlikuwa na spana zilizopangwa kwa ukubwa, kila moja imechongwa herufi mbili, C.O. Nelima aliketi kitandani akazitazama. Hakuna fundi anayeenda kutafuta maisha Uganda akaacha spana zake. Aliporudi mlangoni kufunga komeo, alilifunga mara mbili.

Siku ya tatu mzee alikwenda Bondo. Nelima aliingia nyuma, ambako macho yalianza kumwasha kwa amonia iliyovuja kabla hajafika kwenye mtambo. Alijifunga kitambaa chenye maji puani, akainama. Valvu ya bomba kuu ilikuwa imezungushiwa ukanda wa mpira wa tairi, ukafungwa kwa waya, kisha ukapakwa rangi ya kijivu ili ufanane na bomba. Alitoka mbio, akasimama nje akikohoa.

Mwanamke yule wa omena alikuwa ameweka beseni chini, anamtazama. Safari hii alikuja mwenyewe.

"Naitwa Celestine. Calvince ni mtoto wa mama mdogo yangu," alisema. "Hakuenda Uganda. Iko nyumbani Bondo. Hiyo kitu ilimpasukia kwa uso. Jicho moja haioni."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulifikiri mzee amekuleta utuchunguze. Sisi tulienda kwake watu kumi na mbili, tukakaa kwa mlango mpaka akalipa hospitali. Saa hii anataka mtu hana wa kumkalia kwa mlango."

Mzee aliporudi alikuta mitambo yote miwili imezimwa na Nelima ameketi juu ya begi lake.

"Umeniharibia samaki ya watu," alisema, akisahau kumwita Madam.

"Badilisha valvu, mzee. Nunua barakoa ya gesi. Halafu niite."

"Kazi gani haina hatari? Huko Kisumu umekaa miezi ngapi bila kitu?"

Swali hilo lilimuuma, kwa kuwa alikuwa na jibu lake. Hata hivyo alichukua begi. Kabla ya kuondoka alipitia kwa kamati ya ufuo, inayosimamia biashara zote za pale, akawaeleza alichokiona, nao wakaenda kukitazama wenyewe.

Wiki tatu alilala sakafuni kwa Nangila, akitengeneza friji za wauza maziwa pale Mamboleo. Kisha mzee akapiga simu. Wachuuzi walikuwa wamehamishia samaki wao ufuo mwingine, na kamati haikumruhusu kuwasha mitambo. Alisema amenunua valvu mpya. Akatuma picha.

Nelima aliikuza picha mpaka ikapoteza umbo. Rangi ya kijivu alikuwa ameshaiona, na hakuwa tayari kuamini rangi yoyote. Alimpigia Celestine.

Celestine alikwenda na mtu wa kamati, akagusa kwa mkono wake. "Ni mpya. Na barakoa iko, mbili," alisema. "Lakini huyo mzee, mimi bado simwamini."

"Hata mimi."

Nelima alirudi Usenge muhula wa shule ulipoanza, bila Janice, aliyebaki kwa Nangila, kwa makubaliano yaliyoandikwa na kushuhudiwa na kamati. Alikataa chumba cha kiwandani. Alipanga kwa Celestine, na kila asubuhi, kabla ya kuwasha chochote, alizunguka mabomba yote kwa tochi, akipapasa kila kiungo kwa vidole.