Gurudumu la Mbele

1.

TAARIFA KWA WAENDESHAJI WOTE WA TIMU
(ilisomwa kwa sauti na mkurugenzi wa timu, Renaud Castel, kambi ya Januari)

Kiongozi wa msimu huu ni Joris Vanhecke. Wengine wote ni wasaidizi. Msaidizi atamkinga kiongozi na upepo. Msaidizi atamletea kiongozi maji na chakula. Kiongozi akipata pancha, msaidizi aliye karibu atampa gurudumu lake bila kuulizwa.

Maswali?

Hakuna.

2.

Mimi ni msaidizi. Jina langu Ambakisye Mwakalinga, mtu wa Tukuyu, kule ambako mvua haiombwi inyeshe, huombwa ipumzike.

Wewe unayesoma, kama hujawahi kuendesha baiskeli nyuma ya mtu, nikueleze jambo moja tu: mbele kuna upepo, nyuma hakuna. Anayekaa nyuma ya mgongo wangu anapumzika huku anakwenda kasi ileile ninayokwenda mimi. Basi hiyo ndiyo kazi. Mimi nakula upepo mpaka chini ya mlima, Joris anaupanda na miguu isiyochoka.

Nyumbani huniuliza, "Sasa wewe utashinda lini?" Nawajibu kwamba Joris akishinda nimeshinda. Wananitazama kama mtu anayedai ameshiba kwa kumwangalia jirani akila.

3.

Machi. Mvua. Barabara za mawe. Joris wa pili.

Aprili. Upepo wa pembeni. Joris wa pili.

Aprili tena, jua, kilima kifupi chenye watu wanaopiga kelele pande zote mbili. Joris

wa pili.

Ndani ya basi la timu, baada ya hapo:

— Amba.

— Naam.

— Ukimuuliza mtu nani alikuwa wa pili hapa mwaka jana, atakumbuka?

— Mimi nakumbuka.

— Wewe unakumbuka kwa sababu ulikuwa unanivuta.

— Ndiyo.

— Nina miaka thelathini na sita. Nabakiza Mzunguko wa Milima wa Julai, na baada yake napumzika. Nikiukosa na huo...

Alivua soksi, tope likamwagika sakafuni kama uji, akaanza kucheka. Nami nikacheka. Tulikuwa na tope mpaka kwenye meno.

4.

Dada yake Ambakisye nasema. Naitwa Tumpe, saluni yangu iko karibu na stendi, Tukuyu mjini. Mwezi wote huo wa saba hakuna mteja aliyetoka kwangu na mistari iliyonyooka, maana jicho moja lilikuwa kwenye kichwa chake na la pili kwenye televisheni. Mzunguko wa Milima unakwenda wiki tatu. Kila siku wanaamka, wanapanda baiskeli, wanasafiri karibu nusu ya njia ya kutoka hapa mpaka Iringa, na kesho tena.

— Yule wa jezi nyekundu nani?

— Joris. Ndiye anayeongoza mashindano yote.

— Na yule mweusi mbele yake, aliyeinama hivyo?

— Ndiye mdogo wangu.

— Mbona yeye yuko mbele, halafu anaongoza wa nyuma?

— Ndiyo kazi yao, anamkatia upepo.

— Kazi gani hiyo!

Mama mmoja aliyekuwa na dawa kichwani akasema bila kufungua macho:

— Kwani kwako wewe nani anapika, na nani anashukuriwa wageni wakishiba?

Tulicheka mpaka nikaunguza mtu sikio.

5.

REDIO YA TIMU. Hatua ya kumi na nane. Zimebaki siku tatu, jezi nyekundu bado ni ya Joris.

CASTEL: Sasa mteremko. Amba mbele, Joris nyuma yake. Kona ya tatu ni kali, ina changarawe.

AMBAKISYE: Nimeiona.

CASTEL: Safi. Taratibu. Mkifika chini hivyohivyo, jezi hii mpaka mwisho ni

CASTEL: Joris?

CASTEL: Joris, nisikie.

CASTEL: Amba. Joris yuko wapi?

AMBAKISYE: Chini.

6.

Nilisikia chuma kikikwaruza lami nyuma yangu, halafu helmeti ikigonga jiwe. Nilipogeuza baiskeli na kumfikia, alikuwa ameshasimama. Hilo ndilo lililowadanganya watu kwenye televisheni. Aliyesimama huonekana mzima. Helmeti yake ilikuwa imepasuka kutoka kwenye paji mpaka kisogoni.

— Twende, akasema.

— Ngoja kwanza. Umeumia wapi?

— Twende, Amba. Mvua imeanza lini?

Jua lilikuwa linawaka. Lami ilikuwa imelainika kwa joto.

— Joris, hakuna mvua.

— Basi twende. Uangalie kona, barabara imelowa.

Akajifuta maji usoni, maji ambayo hayakuwepo. Akanitazama vizuri, kama mtu anayetaka kuwa na adabu kwa mgeni.

— Mvua imeanza lini?

Gari la timu na daktari wa mashindano walikuwa wamezuiwa na ajali nyingine huko juu. Castel aliniambia sikioni, kwa redio, nimpandishe, daktari atamwona chini. Nikamwambia hajui alipo. Akasema yule anayeshika nafasi ya pili anakaribia. Nikamwambia anaona mvua. Castel akasema kwa upole, na huo upole ndio ulionitisha:

— Amba, mtu huyu amengoja siku hii maisha yake yote. Mpandishe. Mtangulie polepole, atakufuata.

Angenifuata kweli. Alikuwa amenifuata miaka mitano bila kuuliza. Alishapitisha mguu juu ya baiskeli. Mbele yetu mteremko ulikuwa bado mrefu, kona juu ya kona, na pembeni ukuta mfupi wa mawe usiofika magotini. Ng'ambo ya ukuta, mto.

Nilipiga magoti mbele ya baiskeli yake. Nadhani alifikiri nanyoosha breki. Nikafungua gurudumu la mbele, nikalichomoa, nikasimama, nikalitupa ng'ambo ya ukuta.

Lilizunguka

              hewani

                            likagonga mwamba, likaruka tena, likaingia majini.

Halafu akaitazama baiskeli yangu.

Nalo la kwangu nikalitupa.

Alinipiga. Alinipiga kifuani kwa ngumi zote mbili, huku analia, huku ananiuliza mvua imeanza lini.

7.

UAMUZI WA WAAMUZI WA MASHINDANO

Vanhecke, J. Amejitoa kwa sababu za kiafya.

Mwakalinga, A. Ameondolewa mashindanoni kwa (a) kuharibu vifaa kwa makusudi, (b) kumzuia mshindani kuendelea, (c) kutupa taka nje ya eneo lililotengwa.

8.

Mtandaoni:

"Amehongwa huyo."

"Wivu. Miaka yote anamvuta mwenzake, moyo si chuma."

"Mimi ningempa medali."

"Mwehu."

"Na lile gurudumu wamelipata?"

TAARIFA YA TIMU: Timu inasikitishwa na kitendo hicho. Bw. Mwakalinga hatashiriki mashindano yoyote mpaka msimu utakapokwisha. Kuhusu msimu ujao, timu itatoa taarifa baadaye.

9.

MAHOJIANO (mwandishi wa gazeti la michezo, kwa simu)

— Bwana Mwakalinga, uliwahi kufiwa na ndugu kwa ajali kama hii?

— Hapana.

— Rafiki? Mwenzako wa mazoezini?

— Hapana, namshukuru Mungu.

— Basi ulijuaje kwamba hali yake ni mbaya?

— Sikujua. Alisema inanyesha.

— Hakuna zaidi?

— Ulitaka kuwe na nini zaidi?

Mahojiano hayakuchapishwa.

10.

Sasa mimi, Joris. Wote wamesema isipokuwa mimi.

Nakumbuka uji wa shayiri asubuhi ile. Halafu nakumbuka dari ya hospitali. Katikati hakuna kitu. Daktari alisema ubongo ulitikisika, lakini picha haikuonyesha damu. Nikamuuliza, ningefika chini? Akasema huenda ungefika. Nikamuuliza tena kesho yake. Huenda usingefika, akasema.

Nimeishi na "huenda" hiyo wiki nyingi, mapazia yamefungwa, maana mwanga ulikuwa unanichoma nyuma ya macho. Siku ya mwisho jezi nyekundu alivaa mwingine. Alinitumia maua. Niliyarudisha, na bado naona haya, kwa kuwa ni kijana mwema.

Amba alinipigia kila Jumapili. Sikupokea.

Mwishowe nilitazama video. Yumo mtu mwenye uso wangu anampiga Amba, na Amba hainui mkono kujikinga. Mikono yake yote miwili imemshika yule mtu kiunoni, asianguke ng'ambo ya ukuta.

Niliirudia. Nilitaka nimwone akiwa na makosa.

11.

— Shikamoo, dada.

— Marahaba. Umekula?

— Nimekula.

— Mwongo. Nasikia sauti ya mtu mwenye njaa. Haya, nikuulize jambo, nitauliza mara moja tu. Ungeweza kumwacha aende zake?

— Ningeweza, dada. Amri nilikuwa nimepewa. Hakuna ambaye angenilaumu.

— Halafu ungekaa ukamsubiri chini.

— Ndiyo. Ningemsubiri.

Nikasikia mashine ya kukaushia nywele ikizimwa.

— Basi rudi nyumbani ukichoka, mdogo wangu. Na hawa wanaokusema hapa saluni, nawasuka kwa kuwabana mpaka nyusi zinapanda.

12.

Timu haikuniandikia tena. Niliendelea kupanda baiskeli kila asubuhi katika mji mdogo wa Hispania ninakokaa, chini ya milima, kwa kuwa sikujua kufanya kingine asubuhi.

Mwisho wa Septemba nilimkuta Joris amesimama nje ya mlango wangu, na baiskeli, na helmeti mpya. Amekonda. Hakunipa mkono.

— Unapanda leo?

— Napanda.

Tukapanda. Ni mlima mrefu. Pale juu akaegesha mguu mmoja chini.

— Sijakusamehe, Amba.

— Najua.

— Labda sitakusamehe.

— Sawa.

— Oktoba kuna mbio za mwisho wa msimu. Nilisema napumzika, lakini nimejiandikisha. Kupanda naweza, umeona. Kushuka siwezi. Nikifika juu mikono inakamata breki yenyewe, inakataa kuachia. Nimeshuka milima mitatu kwa miguu, nasukuma baiskeli kama mtoto aliyepata pancha.

Nilitaka kusema pole. Akaniwahi, akaonyesha barabara kwa kidevu.

— Tangulia.

Nikatangulia. Kwenye kona ya kwanza sikugeuka. Nilisikiliza tu. Breki zake zililia, zikanyamaza, zikalia tena kwa muda mrefu, na nikadhani ameshuka kwenye baiskeli. Kwenye kona ya pili zililia kidogo. Tukaingia chini ya miti, kwenye baridi, barabara ikanyooka, na nyuma yangu, karibu, nikamsikia anabadilisha gia

kwenda nzito, ile ya mwendo kasi.