Bi Mkunjo Amekunja

Neno lenyewe lilikuwa moja tu, nalo lilimtoka Bi Mkunjo akiwa ameng'ata kibanio cha nguo. Simu ameibana kati ya sikio na bega, mikono iko juu kwenye kamba, shuka iliyolowa inamchapa miguuni kama mtoto mtukutu. Upande wa pili alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe.

"Vipi shemeji, umekunja?"

"Nimekunja," akasema kwa pembe ya mdomo. "Nimekunja zote. Njoo tu."

Akatoa kibanio, akaibana shuka, akaendelea na yake.

Na kwa nini asiendelee? Shemeji mtu alikuwa ameleta mashati yake ya kazini, yale meupe ya kola ngumu, na mwenye mashati akimpigia simu dobi kumuuliza kama amekunja, anauliza mashati. Hakuna la kufikiria hapo. Bi Mkunjo amefua na kupiga pasi nguo za watu tangu nywele zake nyeusi, na hilo jina alipewa na wateja, kwa sababu suruali ikitoka mkononi mwake ina mkunjo ambao inzi akitua anajikwaa.

Lakini kumbe kwa wengine neno hilo lilikuwa na kazi nyingine.

Nyumba ile ilikuwa ya mama mkwe. Alipofariki aliwaachia wanawe, na mkubwa wao alikuwa wifi yake Bi Mkunjo, mwanamke mnene wa maneno machache, ambaye akikohoa kwenye ukoo huo watu wananyamaza. Bi Mkunjo na mumewe walipewa chumba cha mbele, chenye mlango wa barabarani, ndipo wakafungua udobi. Sasa mume hayupo, na shemeji anakitaka chumba auze vipuri vya simu. Alilisema jambo hilo kwenye kikao cha familia, tena alilisema kwa sauti ya asali. Shemeji yetu kachoka, alisema. Umri umekwenda. Tumpe kile chumba cha uani, kina kivuli, apumzike. Akunje jamvi.

Wifi alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Hafukuzwi mtu hapa. Siku atakayotamka kwa kinywa chake kwamba amekunja, basi amekunja. Asipotamka, asiguswe."

Bi Mkunjo alitoka kwenye kikao kile amefunga mdomo kama pochi. Na mdomo huohuo ndio uliokuja kumponza kwenye kamba ya nguo.

Walifika mchana akiwa mezani, pasi iko moto. Meza ile ni ndefu, imetandikwa blanketi lenye alama ya hudhurungi ya umbo la pasi, kumbukumbu ya siku mumewe alipomwita ghafla akaisahau. Chumba kilinuka wanga na mvuke. Rafuni nguo za wateja zimepangwa, kila furushi na kitambaa chake cha rangi, maana wengine hukana hata soksi zao. Mbele aliingia shemeji anatabasamu, nyuma yake wifi anahema kwa jua, na nyuma kabisa fundi seremala, ambaye hata salamu hakuimaliza. Alitoa futi yake ya mbao, ile ya kukunja, akaifungua taka-taka-taka, akaiegemeza ukutani.

Bi Mkunjo akamtazama.

"Fundi, amekufa nani?"

"Hajafa mtu, mama."

"Maana naona unapima, na aliyesimama karibu na hiyo futi ni mimi."

Fundi akasogea kando kidogo. Shemeji akacheka, kicheko cha mtu mwenye haraka. "Anapima mashubaka, shemeji. Ya duka. Si umeshakunja?"

"Nimekunja nini?"

"Si ulisema mwenyewe? Dada alikuwepo, simu niliiweka spika."

"Nilikusikia kwa masikio yangu, wifi," alisema wifi, akitafuta pa kukaa. "Umesema, nimekunja zote, njoo tu. Nikashangaa, nikasema huyu kakata shauri upesi hivi. Lakini umesema."

Hapo Bi Mkunjo akaelewa. Neno lake, alilolitoa na kibanio mdomoni, lilikuwa limekwenda kikaoni bila yeye, likakaa, likampigia kura. Akageuka rafuni, akavuta furushi lenye kitambaa cha buluu, akaliweka mezani mbele ya shemeji na kulifungua. Mashati meupe, moja juu ya jingine, kola zimetazama juu.

"Haya ndiyo niliyoyakunja. Hesabu kola, usije ukasema nimekuibia shingo."

Shemeji aliyatazama mashati kama mtu aliyekutana na watoto wake kwenye harusi asiyoalikwa. "Aa," akasema. "Mashati. Mimi nilishayasahau kabisa." Na ilionekana kweli aliyasahau. Hakuwa amemtegea mtego. Aliuliza lake, akajibiwa la mwingine, akaamini kwa sababu alitamani kuamini.

Wifi aliguna, mabega yakamtikisika kidogo. Bi Mkunjo akadhani yameisha. Hayakuisha.

"Basi si kitu," shemeji akasema, akijikusanya. "Hata kama ni mashati, tumeshafika, na dada yupo, na fundi yupo. Tuyamalize. Sema leo, shemeji."

Bi Mkunjo akamtazama wifi amtetee. Wifi alikuwa amekunja mikono kifuani.

"Mimi sikufukuzi," alisema wifi taratibu. "Lakini wewe hujioni, wifi. Mimi nakuona. Umechoka. Kama ungesema leo, nisingekulaumu, na roho yangu ingetulia."

Hilo ndilo lililouma. Ubaya wa shemeji alikuwa ameuzoea. Huruma ya wifi ilimkuta hajavaa kitu. Angeweza kulitamka palepale likaisha, wote wakamwita mtu mwema, na jioni angeketi uani kwenye kivuli akitazama ukuta. Akiogopa, Bi Mkunjo alikuwa na dawa yake moja.

"Nina kitendawili," akasema.

"Shemeji, huu si wakati."

"Nikimkunja ananuna, nikimkunjua anacheka."

Kutoka kwenye kona fundi akajibu, hata yeye hakujua kwa nini. "Uso."

"Umekipata, baba. Wenzako hawa wangekaa mpaka wapewe mji." Akavuta shuka kavu kutoka kwenye kikapu, akampa shemeji pembe zake. "Sasa nishikie huku. Hizi za nyumba ya wageni, wenyewe wanazitaka leo. Tutazungumza mikono ikifanya kazi."

Mtu mzima akipewa pembe za shuka hushika, hata awe waziri. Shemeji akashika. Wakasimama, yeye huku karibu na mlango, Bi Mkunjo kule kwenye rafu, shuka imetanda katikati yao.

"Vuta. Si hivyo, unaikaba. Vuta kama unamwamsha mtu unayempenda. Eheh. Sasa kunja."

Shemeji akakunjia kulia, Bi Mkunjo kushoto, shuka ikajisokota kama kamba ya kisima.

"Unakunjia wapi? Umekuja kunifundisha kukunja, na mwenyewe hujui upande."

Fundi akakohoa kwenye kiganja chake. Wakaanza upya. Safari hii pembe zikakutana, na kukunja shuka kuna adabu yake: lazima mmoja amwendee mwenzake, mkutane uso kwa uso, ampe pembe. Shemeji akaja.

"Umri, shemeji," alisema kwa sauti ya chini walipokutana.

"Wa nani?"

"Wako."

"Ungekuwa wako ningekusikiliza. Rudi nyuma, vuta."

Akarudi, akavuta, wakakunja, akaja tena.

"Siku hizi watu wana mashine. Pale njia panda wamefungua, unatia nguo, unabonyeza, unakwenda zako."

"Mashine inafua, sawa. Zikitoka mle zimeviringana kama matumbo ya mbuzi, nani anazikunja? Wale vijana wa njia panda asubuhi wameniletea mashuka yao kwa mlango wa nyuma, wakasema mama usimwambie mtu. Haya nimemwambia mtu. Rudi nyuma."

Shemeji hakurudi. Alikuwa ameushika mkono wake, akaugeuza juu mbele ya wifi, bila ukali, kama daktari. Vidole vya Bi Mkunjo vilikuwa vimepinda, vile vya katikati zaidi, vimekunjika kuelekea kiganjani na havirudi.

"Dada, tazama mwenyewe. Vidole vyenyewe vimeshakunja. Mwenye vidole ndiye bado anabisha."

Pasi ilitoa mvuke peke yake. Bi Mkunjo hakuuondoa mkono wake. Aliuacha utazamwe vizuri.

"Kweli," akasema. "Havinyooki. Asubuhi naviloweka kwenye maji ya moto, vinanicheka. Lakini shemeji, kidole kisichonyooka hakijui kuachia. Kilichoshika, kimeshika. Jaribu kuninyang'anya hii shuka uone."

Shemeji akavuta kidogo, kwa mzaha. Shuka haikuja. Akavuta tena, mzaha ukapungua, na Bi Mkunjo akasimama palepale ametulia kama nguzo ya umeme. Shemeji akaachia yeye.

Bi Mkunjo akaimalizia ile shuka mwenyewe, akiikandamizia kifuani, kidevu kikishika pindo, akaiweka juu ya nyingine. Halafu akamgeukia wifi, maana sasa alikuwa anazungumza na mwenye kikao.

"Wifi, mnaniambia nikunje, nami tangu alfajiri sifanyi jingine. Mashuka nimekunja. Mashati ya mdogo wako nimekunja. Mikono ya gauni hii nimekunja mpaka kiwiko. Uso nimeukunja tangu mlipoingia, mnauona. Na ngumi nimeikunja hapa mfukoni, shemeji ashukuru mfuko ni wa ndani. Lililobaki ni jamvi. Hilo sikunji."

"Wifi..."

"Sijamaliza. Unasema nimechoka. Nimechoka, ndiyo. Nilichoka wakati mume wangu yu hai, nikachoka alipoumwa, nikachoka zaidi alipoondoka. Nikichoka nakaa kwenye kile kiti, nikipumua nainuka. Mkinipeleka uani sitapumzika, nitangojea. Unajua ninachongojea. Huyu fundi anajua pia, ndiyo maana futi yake ilinitazama."

"Mimi nisitiwe humo, mama," alisema fundi.

"Jamvi nimelikalia," akaendelea Bi Mkunjo. "Anayetaka kulikunja aje alikunje nikiwa juu yake, tuone atanibeba vipi."

Akaenda kwenye kiti chake, akaketi katikati ya chumba mbele yao wote, akanyanyua mguu wa goti bovu kwa mikono miwili, akaupachika juu ya mwenzake. Akakunja nne. Goti lilipiga kelele ambayo yeye peke yake aliisikia, na machozi yakamlengalenga, lakini hakuushusha. Akawatazama kama bosi anayengoja wageni waeleze shida yao.

Wifi alimtazama muda mrefu. Alianza na lile goti, akapanda kwenye vidole, akaishia usoni. Kisha mikono yake mwenyewe, iliyokuwa kifuani muda wote, ikashuka mapajani.

"Fundi," akasema, "kunja futi yako."

"Dada!" Shemeji alimsogelea. "Hivi hivi? Kwa kitendawili na shuka moja?"

"Mimi nilisema atamke. Wewe ulimsikia ametamka nini? Mimi nimesikia sikunji. Nimesikia bila spika."

Fundi akaikunja futi, akaitia mfukoni, akatoka haraka kama mtu aliyeponea chupuchupu. Shemeji alibaki, akayafunga mashati yake kwenye furushi, vibaya, mkono mmoja wa shati ukaning'inia nje.

"Tutakaa tena," akasema mlangoni. "Hili halijaisha, shemeji."

"Tukae, shemeji yangu. Uje na mashuka yako, leo umeanza kujua upande. Na huo mkono wa shati unaburura."

Hakuuokota. Aliondoka nao vilevile, unamfuata kama mtoto anayevutwa shuleni.

Bi Mkunjo alishusha mguu, akalishika goti akafumba macho. Wifi hakusema pole, alimjua. Bi Mkunjo alipofumbua, alikuwa anakitazama kile chumba kutoka ukuta hadi ukuta, kwa jicho la mtu aliyekaribia kupokonywa kitu akakigundua upya.

"Shika meza upande huo," akamwambia wifi.

"Kwa nini?"

"Naisogeza mlangoni. Nimekaa nayo huku ndani kama mtu mwenye deni. Kuanzia leo napigia pasi palepale, kila anayepita barabarani anione."

"Utaungua na jua."

"Jua la kwangu."

Wifi aliinuka kwa kusonya, akavua viatu, akaingiza tumbo lake kubwa chini ya ukingo wa meza. Miguu ya meza ikakwaruza sakafu, furushi moja likaanguka, wakaliacha. Meza ikafika kizingitini, ikakwama nusu ndani nusu nje. Mpita njia mmoja akasimama kutazama.

"Na mvua ikinyesha?" aliuliza wifi, anahema.

"Ikinyesha tutairudisha. Sukuma, wifi, bado kidogo."