Ubeid Ameondoka

Ubeid, mwana wa Mwanafatuma wa Vanga, alikuwa baharia kwenye meli ya mizigo. Homa kali ilimshika wakiwa Oman, akalazwa hospitali, na nyumbani wakabaki kungojea simu.

Simu ilikuja asubuhi. Aliyepiga alikuwa ofisa wa meli, naye alizungumza Kiingereza kitupu. Mwanafatuma akamkabidhi simu binti yake, Bushra, aliyekuwa likizoni kutoka Diani, ambako alifanya kazi kwenye mapokezi ya hoteli.

Sauti ilikuwa ikikatikakatika. Bushra alisikia jina la kaka yake, kisha: departed, alfajiri ya leo.

Neno hilo alilijua vizuri. Mgeni akirudisha ufunguo na mizigo yake ikipakiwa garini, ndilo aliloandika kwenye kompyuta: ameondoka. Alimshukuru yule bwana, akamwambia kwamba familia nzima imefurahi. Yule bwana akaanza kusema jambo, simu ikakatika.

"Mama, kaka ameondoka! Yuko njiani!"

"Alhamdulillahi," alisema Mwanafatuma, akaketi pale pale chini, machozi yakimtoka. Kisha akainuka, akafua mashuka ya mwanawe, akaagiza kuku, akapita nyumba hadi nyumba akiwapa watu habari.

Alasiri akapiga simu Abdulbasit, kijana wa Funzi aliyefanya kazi meli moja na Ubeid. Bushra aliipokea akicheka.

"Poleni sana, Bushra," alisema Abdulbasit.

"Pole ya nini? Kaka si yuko njiani?"

Sauti ya Abdulbasit ikawa ya kilio. "Tumemzika baada ya adhuhuri. Kwani hamkuambiwa?"

Bushra akaenda jikoni, mama yake alikokuwa akikuna nazi.

"Mama, kaka ameondoka."

"Si ulishaniambia, mwanangu?"

"La, mama. Ametutoka. Kwa Kiingereza neno ni hilo hilo, la msafiri na la maiti. Mimi sikuelewa."

Mwanafatuma alimtazama, kifuu mkononi. "Wamemzika?"

"Wamemzika."

"Mimi nikicheka," alisema. "Wanamfukia mwanangu, mimi nacheka barabarani."

Bushra alitaka kumshika. Mama yake akauondoa mkono wake. Na huko uani jirani yao Hafsa alikuwa akiingia na wenziwe, wakipiga vigelegele, na hapakuwa na mwenye nguvu ya kutoka kuwanyamazisha.