Siku Redio Aliponyamaza

Kinyozi yule, waliokalia kiti chake walimwita Redio, maana hakuwa na kitufe cha kuzimia. Ukinyolewa kwake unapata habari za mtaa mzima, na nyongeza juu yake. Rafiki yake alikuwa mpokea simu wa hospitali, mtu asiyeona tangu homa ilipompitia akiwa darasa la tano, na hakuwahi kupata wa kutembea naye kama huyu. Redio alimwonyesha dunia kwa mdomo. Alitia chumvi, mpokea simu alijua, na alimpenda hivyohivyo.

Hospitali ilipoandaa msafara wa baiskeli wa siku nne kuchangia mashine za watoto njiti, Redio ndiye aliyemwingiza mwenzake kichwa kichwa. Aliazima baiskeli ya viti viwili, akaupaka mnyororo mafuta, na jioni wakawa wanazunguka uwanjani mpaka wakazoea kutoanguka.

"Mimi usukani na macho," alisema. "Wewe miguu. Umeshinda umekaa miaka yote hiyo unasema 'subiri nikuunganishe', miguu yako bado mipya."

Siku mbili za kwanza Redio alitangaza kama aliyelipwa. Mara shamba lote la alizeti limegeuza shingo upande mmoja, mara mbuzi kapanda juu ya paa la gari, mara mhasibu wa hospitali kajibana ndani ya kaptura mpaka anatia huruma. Mpokea simu alicheka hadi baiskeli ikayumba. Makalio yalimwaka moto na viganja vilikufa ganzi, lakini alikuwa anasafiri, tena anaona.

Siku ya tatu, baada ya chai ya asubuhi, Redio alinyamaza.

Barabara ilianza kupanda. Mpokea simu aliusikia mlima mapajani, akangoja kuambiwa una urefu gani. Hakuambiwa. Akadhani pumzi zimembana mwenzake. Walipofika tambarare akauliza kuna nini hapa.

"Miti," Redio alijibu.

Baadaye akauliza tena.

"Barabara."

Dunia ikasinyaa, ikabaki kiti, mshikio, na mgongo mbele yake uliokuwa ukinuka jasho na poda ya saluni. Malori yalitokea kusikojulikana, yakampiga kofi la upepo na kupotea. Hakujua kama pembeni kuna ukuta au korongo. Ikamrudia ile miezi ya kwanza baada ya homa, alipokuwa akikaa kitandani akisikiliza nyumba ikiendelea na shughuli zake bila yeye. Miezi ile hakuwahi kumsimulia mtu.

Akaanza kujipekua amemkosea nini. Kazini, "haloo" moja tu ilimtosha kujua kama anayepiga ana mgonjwa mahututi. Hapa alikuwa na mgongo, na mgongo haumwambii kitu.

Mchana walipumzika kwenye darasa moja la shule iliyofungwa kwa likizo. Mhasibu alimuuliza Redio kama rafiki yake atakula. Siku nyingine angejibiwa, "Muulize mwenyewe, hajapofuka mdomo." Leo Redio alisema, "Atakula." Neno hilo lilimuuma mpokea simu kuliko kile kiti.

Alasiri ikaja mvua, na mlima mwingine. Wenzao wote walishawapita. Lori la kubeba waliochoka likasimama, dereva akawasihi wapande. Redio akamwambia mwenzake apande yeye. Mpokea simu akakataa. Lori likaondoka. Wakashuka, wakaanza kusukuma baiskeli, mmoja huku mmoja kule.

"Nimekukosea nini?" mpokea simu aliuliza.

Redio aliendelea kusukuma.

"Mama watoto ameondoka."

"Lini?"

"Kabla shule hazijafungwa."

Mpokea simu alisimama. "Jumapili ile niliyokuja kwako tukakaa barazani, ulisema anapita uani na gauni jipya la njano. Ukasema amenipungia mkono."

"Nilisema."

"Nikapunga na mimi."

"Ulipunga, tena ukatabasamu," Redio alisema. "Nikashindwa kurudi nyuma. Leo wakati wa chai kanipigia simu. Watoto kawaandikisha shule hukohuko kwao. Tangu hapo nikifungua mdomo hakitoki kitu."

Mpokea simu aliondoa mkono kwenye baiskeli. Akapapasa, akalipata bega la mwenzake, akalishika. Mvua iliendelea kuwanyeshea. Ndani yake liliibuka swali alilolionea haya: je, yale maua ya alizeti yalikuwepo? Alilisukumia mbali, nalo likawa linarudi kila baiskeli ilipogonga jiwe.

Siku ya nne Redio alisema "shimo" na "kona", basi, naye hakuulizwa zaidi. Walifika wa mwisho. Watu wakapiga makofi, mganga mkuu akatangaza kwamba mashine zitanunuliwa, na mtu akampa Redio kipaza sauti. Papo hapo Redio akawaka. Alisimulia mbuzi, akasimulia kaptura, uwanja mzima ukavunjika mbavu. Mpokea simu alisimama kando yake, na kwa mara ya kwanza aliisikiliza sauti ile kama anavyosikiliza simu za hospitali. Hakucheka.

Jioni Redio alimfikisha hadi mlangoni. Mpokea simu akamwambia aingie, dada amepika, wale pamoja.

"Leo niache, ndugu yangu."

Kesho yake mpokea simu alichukua fimbo yake akaenda nyumbani kwa kinyozi peke yake, njia ambayo siku zote alipitishwa. Alipotea mara mbili na kuuliza mara nyingi. Redio alipofungua mlango, salamu zao zilirudi na mwangwi kutoka ukutani.

"Kochi halipo," Redio alisema polepole. "Pazia hakuna. Kabati hakuna. Kimebaki kiti kimoja, kiko mkono wako wa kulia. Kalia."

Mpokea simu akakipapasa kiti, akakiacha, akaketi sakafuni. Akasikia shati la mwenzake likiparuza ukuta, likishuka taratibu. Huko nje watoto wa jirani walikuwa wakicheza mpira. Wakawasikiliza.